Nani Anamsemea Mjerumani? Filamu, Televisheni na Kazi ya Kuingiza Sauti

Ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wa Kijerumani, na ninyi mnaofanya kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, hamjambo.

Tarehe 29 Agosti 1952, watazamaji wa Ujerumani Magharibi waliingia sinema kuiona Casablanca, filamu ya Kimarekani iliyokuwa imetengenezwa miaka 10 nyuma. Walichokiona hakikuwa filamu ile. Dakika zipatazo 25 zilikuwa zimekatwa. Meja Strasser, ofisa wa Kinazi ambaye ndiye adui mkuu katika kisa hicho, hakuwemo kabisa. Victor Laszlo, mpinzani wa Unazi aliyetoroka kambi ya mateso, alikuwa amegeuzwa mwanafizikia kutoka Norwei anayeitwa Larsen, na kisa kizima kikawa cha mwanasayansi na uvumbuzi wake. Nyuso zilibaki zilezile na midomo ilicheza vilevile. Maneno ndiyo yalikuwa mengine.

Aliyemwigiza Strasser aliitwa Conrad Veidt. Alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Berlin, aliyeihama nchi yake mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka. Mtu aliyewakimbia Wanazi alikubali kuvaa sare zao mbele ya kamera ili dunia iwaone walivyo, halafu filamu ilipofika kwao, yeye ndiye akakatwa. Wajerumani walilipata toleo kamili, lenye sauti mpya, Oktoba 1975 kupitia televisheni ya ARD. Yaani kwa miaka 23 waliipenda filamu ambayo hawakuwa wameiona.

Hoja yetu leo ni hii. Ukitaka kuielewa Ujerumani ya karne ya 20, tazama nani alipewa sauti kwenye kioo, nani alinyang'anywa, na kazi hiyo ilifanywaje. Sehemu ya mwisho inawahusu hasa walioko studio hapa kwetu, kwa sababu sasa Kiswahili kinaingizwa kwenye tamthilia za Kituruki, za Kihindi na za Kichina, na makosa yaliyofanywa Ujerumani yanaweza kurudiwa kwa urahisi sana.

Tuanze na swali la kwa nini Wajerumani huingiza sauti badala ya kuweka maandishi chini ya picha. Filamu zenye sauti zilipoenea mwaka 1929 na 1930, studio za Ulaya hazikujua zifanye nini na lugha. Njia ya kwanza ilikuwa kupiga filamu mara mbili. Kule Babelsberg, nje kidogo ya Berlin, kampuni ya Ufa iliitengeneza Der blaue Engel kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, Marlene Dietrich na Emil Jannings wakiwemo katika matoleo yote mawili. Njia hiyo ilikula fedha na ilihitaji waigizaji wanaomudu lugha mbili, nao walikuwa wachache. Ndipo ikaja njia ya kuacha picha kama ilivyo na kubadilisha sauti tu.

Siasa nazo ziliingia mapema. Desemba 1930 filamu ya Kimarekani kuhusu askari wa Kijerumani katika Vita vya Kwanza, Im Westen nichts Neues, ilionyeshwa Berlin ikiwa na sauti za Kijerumani. Goebbels, kiongozi wa Wanazi wa Berlin, na vijana wake walirusha mabomu ya uvundo na kuachia panya weupe ndani ya ukumbi, na siku chache baadaye, tarehe 11 Desemba, serikali ikaipiga marufuku. Kilichowakera Wanazi ni askari wa Kijerumani kuonekana akiogopa, akilia, akiona vita havina maana.

Sababu ya pili ni hesabu tu. Gharama ya kuingiza sauti filamu moja ni ileile hata watazame watu laki moja au milioni tisini. Ujerumani, Austria na sehemu kubwa ya Uswisi ni soko moja la lugha, hivyo gharama hurudi. Uholanzi na Denmark zina watu wachache, ndiyo maana watazamaji wao walizoea kusoma. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko lugha hizo mbili, na kwa hesabu hiyo tunaangukia upande wa Wajerumani.

Sasa twende studio, maana hapa ndipo penye mengi ya kujifunza.

Kazi hupitia mikono ya watu kadhaa kwa mpangilio usiobadilika. Wa kwanza ni mtafsiri wa awali. Huyu hutafsiri neno kwa neno, anaeleza mizaha, mafumbo na majina, wala hajali midomo. Karatasi yake haisemwi kamwe na mwigizaji. Inampelekea mwandishi wa mazungumzo vifaa vya kazi. Wa pili ni huyo mwandishi wa mazungumzo, na yeye ndiye roho ya kazi yote. Anakaa na picha, anarudisha nyuma, anasogeza mbele, anasema sentensi kwa sauti huku akiutazama mdomo ulioko kwenye kioo, mpaka apate maneno yanayobeba maana na kukaa mdomoni. Katika muswada wake anaonyesha kila mstari uko wapi: uso unaonekana, mwigizaji ameipa kamera kisogo, au yuko nje ya picha. Alama hizo si mapambo. Pale uso usipoonekana, mwandishi ana uhuru, na mwandishi hodari huhamishia hapo kila habari ndefu isiyoweza kuingia kwenye mdomo unaoonekana.

Filamu hugawanywa vipande vifupi. Wajerumani hukiita kipande kimoja "take", na kwa kawaida kina sekunde chache tu, sentensi moja au mbili. Filamu moja huwa na mamia ya vipande, na yenye maneno mengi hupita elfu moja. Zamani kila kipande kilikatwa na kuunganishwa kichwa na mkia kikawa duara la filamu linalozunguka bila kukoma, mwigizaji akakisikia na kukitazama mara tatu nne kabla ya kusema. Siku hizi kompyuta inafanya hivyo, ila mgawanyo haujabadilika. Mwigizaji huwa na malipo ya kufika studio, kisha malipo ya kila kipande, na mfumo huo una athari zake: unamsukuma kila mtu kwenda haraka. Vipande havirekodiwi kwa mfuatano wa kisa. Mara nyingi mwigizaji yuko peke yake chumbani, anamjibu mtu ambaye atarekodi wiki ijayo au aliyerekodi jana. Anayeshika uzi ni mwongozaji, ambaye ndiye anayekumbuka kwamba katika onyesho lililopita mhusika alitoka kukimbia na bado anahema. Pembeni yake yuko fundi sauti, na yuko mhariri ambaye kazi yake ni kuutazama mdomo tu na kusema limeingia au halijaingia.

Mwisho ni kuchanganya. Studio inayouza filamu hutoa mkanda wenye muziki na sauti za mazingira bila mazungumzo. Mkanda huo ukikosekana, kama inavyotokea kwa filamu za zamani, ukifuta maneno unafuta pia nyayo, mlango, mvua na muziki, na yote hayo lazima yatengenezwe upya. Tamthilia nyingi zinazosikika kama zimetengenezwa ndani ya kabati zina kasoro hii hasa. Waigizaji wanaweza kuwa wazuri, lakini chini ya sauti zao hakuna chumba.

Tuchukue sentensi moja tuitazame kwa karibu, safari hii tukitoka Kijerumani kuja Kiswahili. Mwanamke yuko kitandani hospitalini, uso wake umejaa kwenye kioo, anamwambia mumewe: "Bleib bei mir." Tafsiri inayokuja haraka ni "Usiondoke". Maana ni sawa, lakini itazame midomo. Katika Kijerumani midomo yake inafunga mara tatu: mwanzoni kwa B, katikati pale maneno mawili ya kwanza yanapokutana, kisha kwa M. "Usiondoke" haifungi midomo hata mara moja, na inaiviringa kwa U na O wakati mdomo wa mwigizaji umetanuka. Mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila atahisi kwamba sauti si ya mwanamke yule. "Baki pamoja nami" ina B, P na M za kutosha, lakini ina silabi saba mahali pa tatu, itabidi isemwe mbio, na mgonjwa hasemi mbio. Sasa jaribu "Baki na mimi". Midomo inafunga mara tatu: B, M, M. Inamalizikia kwa I, na mdomo wa mwigizaji unamalizia ukiwa umetanuka hivyohivyo. Silabi ni tano, lakini zetu ni fupi, na irabu za Kijerumani katika maneno mawili ya kwanza ni za kuvutwa, kwa hiyo nafasi inatosha. Kazi ya mwandishi wa mazungumzo ni hiyo, mamia ya mara kwa filamu moja.

Ugumu wa pili uko kwenye mpangilio wa sentensi. Kijerumani huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi tegemezi. Mpelelezi anasema: "Ich weiß, dass du ihn gestern am Bahnhof gesehen hast", na anapopiga meza, mkono unatua pamoja na kitenzi cha kuona, karibu na mwisho kabisa. Ukitafsiri kwa mpangilio wetu wa kawaida, "Najua kwamba ulimwona jana stesheni", ngumi inatua kwenye stesheni, kana kwamba hoja ni mahali. Mwandishi anayeijua kazi atageuza: "Najua. Jana, pale stesheni, ulimwona." Kiswahili kinaruhusu, na ngumi inatua panapostahili.

Liko pia suala la heshima. Kijerumani kina namna mbili za kumwita unayezungumza naye, ya karibu na ya rasmi, na Kiingereza kina moja. Kila filamu ya Kimarekani inapoingizwa Kijerumani, mwandishi lazima aamue ni onyesho gani wahusika wawili wanaacha urasmi. Kwa wapenzi, mara nyingi huwa ni baada ya busu la kwanza. Akisahau alichoamua, mhusika atakuwa rasmi saa moja ya filamu na mzoefu saa inayofuata, kisha rasmi tena. Sisi tunayabeba hayo kwa shikamoo, kwa mzee, mama, kaka, afande, kwa kumwita mtu Baba Fulani badala ya jina lake. Kinachofaa ni kuandika orodha ya wahusika kabla ya kuanza, na mbele ya kila jozi kuonyesha nani anamwamkia nani na wanaitanaje, na kuibandika ukutani studio.

Sauti ikishazoeleka inakuwa mali ya umma. Christian Brückner amekuwa sauti ya Kijerumani ya Robert De Niro tangu miaka ya 1970, na akibadilishwa watazamaji hulalamika kana kwamba De Niro mwenyewe amebadilishwa. Thomas Danneberg alikuwa sauti ya Arnold Schwarzenegger, na pia ya Sylvester Stallone. Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo kwa sababu wawili hao hawakukutana kwenye filamu moja. Walipokutana, studio zilikuwa na jambo la kuamua. Somo kwa tamthilia ndefu ni rahisi: kabla ya kumpa mtu sauti ya mhusika mdogo wa sehemu ya tatu, uliza kama mhusika huyo atarudi sehemu ya themanini, mezani na yule ambaye mtu huyohuyo tayari ni sauti yake.

Casablanca haikuwa peke yake. Mwaka 1951 filamu ya Hitchcock ya mwaka 1946 iitwayo Notorious iliingia Ujerumani Magharibi kwa jina Weißes Gift, maana yake sumu nyeupe. Kwenye filamu halisi, Wanazi waliokimbilia Brazil wanaficha madini ya urani kwenye chupa za mvinyo. Kwenye toleo la Kijerumani wakawa wauza dawa za kulevya. Toleo lililo karibu na filamu yenyewe lilikuja mwaka 1969. Mwaka 1988, miaka zaidi ya 40 baada ya vita, magaidi wa Kijerumani katika Die Hard walibadilishwa majina kwenye sauti za Kijerumani: Hans akawa Jack, Karl akawa Charlie, Heinrich akawa Henry. Hapakuwa na sheria iliyolazimisha hilo. Wasambazaji walihofia kwamba mtu hatalipa tiketi kwenda kujiona akiwa mwovu.

Wakati mwingine kubadilisha kulizaa kitu chenye uhai wake. Hogan's Heroes, tamthilia ya kuchekesha ya Kimarekani kuhusu mateka katika kambi ya Wajerumani, iliingizwa sauti mara ya kwanza miaka ya 1990 kwa uaminifu wa kawaida na haikupendwa. Ikaingizwa upya kwa jina Ein Käfig voller Helden, wahusika wakapewa lahaja: kamanda wa kambi akasema kwa lafudhi ya Sachsen, sajenti wake kwa lafudhi ya Bavaria. Waandishi walimtungia hata kamanda mfanyakazi wa usafi aitwaye Kalinke, ambaye haonekani kamwe na hayumo kwenye tamthilia ya Kimarekani. Ilipendwa sana. Tunaitaja kwa sababu inagusa jambo lililo hai kwetu: DJ Afro wa Kenya na wasimulizi wa vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala nao wamekuwa wakiongeza maneno yasiyokuwemo, na watu wamewapenda kwa hilo. Tofauti na Casablanca ya 1952 iko wazi. Anayemsikiliza DJ Afro anajua kwamba anamsikiliza DJ Afro. Mjerumani wa 1952 hakuambiwa.

Upande mwingine wa mizani umekaa Januari 1979. Mkondo wa tatu wa televisheni ya umma ulionyesha tamthilia ya Kimarekani ya sehemu nne iitwayo Holocaust, kuhusu familia moja ya Kiyahudi ya Berlin, ikiwa na sauti za Kijerumani. Siku chache kabla, tarehe 18 Januari, watu wa mrengo mkali wa kulia walilipua mitambo ya kurushia matangazo ili kuzuia kipindi cha maelezo kilichotangulia tamthilia hiyo. Haikusaidia. Mamilioni walitazama, na baada ya kila sehemu kulikuwa na mjadala studio ambapo watazamaji walipiga simu kwa maelfu, wengine wakilia, wengine wakieleza kwa mara ya kwanza walichokiona vitani. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo Bundestag, bunge la Ujerumani Magharibi, ilifuta ukomo wa muda wa kushtaki kosa la mauaji, ili wauaji wa Kinazi wasije wakaponea kwa kupita miaka. Mjadala huo wa sheria ulikuwepo kabla, lakini tamthilia iliufikisha sebuleni.

Wakosoaji wengi wa Kijerumani waliidharau kwa kuwa ni ya kibiashara na ya machozi mepesi. Walikuwa na haki kuhusu sanaa yake. Lakini filamu za maana kuhusu jambo hilo zilikuwa zimetengenezwa kabla ya hapo, na watu walioziona ni wachache. Uzito wa Holocaust ulitokana na kusemwa kwa Kijerumani cha kawaida cha mezani. Waliouawa walizungumza kama jirani.

Kumbukeni vilevile kwamba Ujerumani zilikuwa mbili. Ujerumani Mashariki ilianza matangazo ya televisheni kutoka Adlershof, Berlin, tarehe 21 Desemba 1952, siku ya kuzaliwa Stalin. Magharibi walianza tarehe 25. Studio za filamu za Babelsberg zilibaki Mashariki chini ya kampuni ya DEFA, iliyoanzishwa Mei 1946 na yenye idara yake ya kuingiza sauti, ndiyo maana baadhi ya filamu za nje zina matoleo mawili ya Kijerumani, moja la kila upande. Mashindano yalifika hadi kwa watoto. Magharibi walipokuwa wanaandaa kipindi cha kuwalaza watoto chenye kikaragosi cha Sandmännchen, Mashariki waliharakisha wakakitangulia tarehe 22 Novemba 1959, siku tisa mbele. Sandmännchen wa Magharibi alikoma mwaka 1989. Yule wa Mashariki, mwenye ndevu nyeupe za ncha, aliyetengenezwa na Gerhard Behrendt, bado yuko hewani kila jioni.

Mawimbi ya televisheni hayakujali Ukuta wa Berlin. Karibu Ujerumani Mashariki yote iliweza kuwaona jirani zao, isipokuwa bonde la mto Elbe kuzunguka Dresden na pembe ya kaskazini mashariki kuelekea Greifswald, ambako watu waliitwa kwa utani wakazi wa Bonde la Wasiojua Lolote. Mwaka 1961 vijana wa chama tawala cha Mashariki walitumwa kupanda mapaa na kugeuza antena zilizoelekea Magharibi. Serikali ilichagua pia mfumo wa rangi wa SECAM wa Kifaransa badala ya PAL uliobuniwa Magharibi na Walter Bruch, hivyo picha za Magharibi zikaonekana nyeusi na nyeupe mpaka mtu apate kifaa cha kubadilishia. Watu walikitafuta. Jambo la kushangaza ni walichokuja kuonyesha watafiti Holger Lutz Kern na Jens Hainmueller mwaka 2009: walioipata televisheni ya Magharibi walikuwa wameridhika na maisha ya Mashariki kuliko wakazi wa Bonde. Walifika kazini, wakarudi, wakahamia Magharibi kwa saa chache kila jioni mbele ya televisheni, wakalala kwao. Aliyenyimwa njia hiyo ndiye aliyeomba ruhusa ya kuhama.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 televisheni ilifanya zaidi ya kuripoti. Karibu saa moja kasoro jioni, saa za Berlin zikihesabiwa kwa Kiswahili, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Mashariki, alisoma kwenye mkutano na waandishi uliokuwa ukirushwa moja kwa moja kwamba raia wataruhusiwa kusafiri, na alipoulizwa lini, akajibu kwamba ajuavyo yeye ni mara moja. Taarifa ya habari ya saa mbili ya Magharibi ikatangaza kwamba Mashariki inafungua mpaka. Karibu saa tano kasoro robo, Hanns Joachim Friedrichs wa ARD akawaambia watazamaji kwamba milango ya ukuta imefunguliwa wazi. Ilikuwa haijafunguliwa. Watu waliomsikia wakavaa makoti wakaenda kuiona, na kwenye kituo cha Bornholmer Straße walikuwa wengi kiasi kwamba kufika saa tano na nusu hivi ofisa wa zamu, Harald Jäger, aliagiza waachwe wapite.

Kuna Mswahili mmoja ambaye historia hii haikamiliki bila yeye. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alichukuliwa kama askari mtoto katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin akitumia jina Bayume Mohamed Husen, akadai mshahara wa jeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Alifanya kazi ya uhudumu kwenye mkahawa mkubwa wa Haus Vaterland, na akafundisha Kiswahili chuoni. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana kwenye filamu zisizopungua 23. Mara nyingi alikuwa mtumishi, mbeba mizigo, mlinzi wa mlango. Nafasi yake kubwa ya mwisho ilikuwa katika Carl Peters ya mwaka 1941, kama mwongoza njia wa Peters. Peters wa kweli alifukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Filamu ilimfanya shujaa, na kati ya Waafrika waliojaza maonyesho yake walikuwemo mateka wa vita kutoka jeshi la Ufaransa. Mwaka huohuo Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani mweupe. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, Berlin, limechimbiwa jiwe dogo la shaba lenye jina lake tangu mwaka 2007. Yeyote atakayeingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za enzi ile ajue kwamba kwenye kioo yuko mwalimu wa lugha hiyo, ambaye maneno yake yaliandikwa na watu wengine.

Kwa wanafunzi wa Kijerumani, machache ya vitendo. Anzeni na Sandmännchen, dakika kama kumi, maneno machache na ya polepole. Kisha taarifa ya habari, Tagesschau, inayoanza saa mbili kamili usiku na kuchukua dakika 15. Toleo lake la lugha nyepesi lilianza mwaka 2024, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hilo ndilo bora. Baada ya hapo njooni kwenye Tatort, tamthilia ya upelelezi inayoonyeshwa Jumapili saa mbili na robo tangu tarehe 29 Novemba 1970, kila kisa dakika 90. Baada ya vita nchi washindi zilikataa redio na televisheni kuwa mikononi mwa serikali kuu, kwa hiyo vituo ni vya majimbo, na kila kituo hutoa wapelelezi wake kwenye mji wake. Wiki hii mtasikia Köln, wiki ijayo München, nyingine Münster au Dresden. Upande wa Mashariki ulijibu mwaka 1971 na Polizeiruf 110, nayo bado ipo.

Kuna njia ambayo wanafunzi wengi hawaijui: sauti ya maelezo kwa wasioona. Msimulizi anaeleza kila kinachotendeka kwa sentensi fupi za wakati uliopo: anafungua droo, anatoa barua, anakunja uso. Ni somo la vitenzi lisilo na mwalimu. Tazama onyesho mara moja bila maandishi, mara ya pili ukiwa na maandishi ya Kijerumani yanayowekwa kwa ajili ya viziwi, mara ya tatu na sauti ya maelezo. Maandishi ya lugha nyingine yaacheni, kwa sababu jicho likishapata tafsiri sikio hulala. Ila msitegemee maandishi kufuatana na kinachosemwa neno kwa neno, maana hufupishwa ili yasomeke, na kwenye filamu za nje maandishi na sauti mara nyingi huandikwa na watu wawili tofauti.

Na kwa walioko studio, chukueni sekunde 60 za onyesho la watu wawili mezani, nyuso zote zionekane. Siku ya kwanza andikeni tafsiri ya neno kwa neno. Siku ya pili wekeni alama kila mdomo unapofunga, kabla ya kuandika sentensi hata moja ya Kiswahili. Siku ya tatu andikeni mazungumzo, na kila mtu ayaseme akiwa amesimama, si ameketi, kwa sababu pumzi ya aliyeketi ni fupi. Kisha mpeni mtu asiyejua lugha ya filamu ile atazame, naye awaambie tu ni wapi aliacha kuamini. Sekunde hizo zitakula saa nyingi mwanzoni. Tumeacha nusu saa kwa maswali, na kipaza sauti kinaanzia upande wa dirishani. Asanteni.